Jibu Kwanza kwa Kiswahili: mwongozo wa kuandika insha ya chuo kwa mwanafunzi wa Bukavu

Kila mwaka wa masomo ukianza napokea rundo la kazi za mwaka wa kwanza, na kila mara najikuta nikiandika pembeni swali lile lile: «Unasema nini hasa?» Kifaransa kipo, tena cha kupendeza. Kuna «force est de constater», kuna «de prime abord», kuna sentensi za mistari sita. Lakini ukimaliza kurasa nne hujui kama mwandishi anakubali au anakataa. Baadaye unakutana na mwanafunzi huyo huyo kwenye ngazi, unamuuliza kwa Kiswahili anaonaje jambo hilo, naye anakujibu kwa sentensi moja iliyonyooka, yenye sababu mbili na mfano wa mtaani kwao. Jibu alikuwa nalo. Halikufika kwenye karatasi.

Wengi wetu tunawaza kwa Kiswahili, wengine kwa Mashi, lugha ya Washi wa hapa kwetu, na tunaandika kwa Kifaransa. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: kwanza ulijue jibu lako kwa lugha unayoiota, ndipo ulivalishe Kifaransa. Unafaa kwa disertasio ya Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), kwa TP (kazi ya mazoezi) ya chuo, na kwa yeyote anayejiandaa kwa TFC (kazi ya kumaliza ngazi ya kwanza ya chuo) au memwari. Nitatumia swali moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ili usibaki na maagizo matupu:

Taka za plastiki zinazoziba bwawa la Ruzizi: ni kosa la wananchi au la mamlaka? Jadili.

Hatua ya 1: Lishike swali

Nakili swali lote kwa mkono wako, kisha piga mstari chini ya neno linalokuamuru. «Expliquez» inataka sababu na namna jambo linavyotokea. Haikuombi uchague upande. «Comparez» inataka vitu viwili vipimwe kwa kipimo kimoja, hoja kwa hoja. Ukieleza cha kwanza kurasa mbili, kisha cha pili kurasa mbili, hujalinganisha. Umevipanga foleni tu. «Commentez» inakupa kauli ya mtu mwingine uifungue: ina maana gani, inashika wapi, inalegea wapi. «Discutez», yaani «jadili», ambayo ndiyo yetu, inataka upime pande zinazopingana halafu useme wewe umeishia wapi. Wengi hupima vizuri na kusahau kuishia popote.

Sasa zungushia duara maneno yanayoweka mipaka. Hapa ni taka za plastiki, basi maganda ya ndizi yakae pembeni. Ni bwawa la Ruzizi, lile la umeme kwenye mto unaotoka Ziwa Kivu, basi usituandikie historia ya Ziwa Kivu lote. Mamlaka ni zipi: za mji, za jimbo, za taifa? Na «kosa» maana yake nini? Mtu anayetupa chupa mtaroni kwa sababu hana mahali pengine pa kuitupa, amekosa kwa kiasi gani? Ukifika kwenye swali la namna hiyo umeshaanza kuandika insha, hata kama karatasi bado ni nyeupe.

Hatua ya 2: Jibu kwa mdomo

Tafuta mtu asiyesoma kozi yako, umweleze swali kwa Kiswahili cha nyumbani na umpe jibu lako. Msikilize anavyokubishia.

Binti mmoja aliniletea rasimu juu ya mada hii. Kurasa tatu za kwanza zilihusu umuhimu wa mazingira kwa binadamu. Nikamwomba aifunge, aende akamweleze mama yake mdogo anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pale Kadutu, moja ya komuni za Bukavu. Kesho yake akarudi na daftari. Alikuwa amemwambia mama mdogo kwamba wananchi wanapaswa kufundishwa, basi. Mama mdogo, mikono bado iko ndani ya beseni, akamjibu: «Hata mumufundishe mutu namna gani, ile buchafu ataitupa wapi?»

Ndani ya swali hilo mlikuwa na insha nzima. Tulikaa naye nusu saa tukaligeuza kuwa hoja kuu:

Taka za plastiki zinaziba bwawa la Ruzizi hasa kwa sababu mji hauzikusanyi kabla mvua haijazishusha ziwani. Mwananchi ana sehemu yake ya kosa, lakini kumfundisha bila kumpa mahali pa kutupa hakubadilishi kitu.

Ipime hoja yako kuu kwa maswali matatu. Je, mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga? («Plastiki ni mbaya» haina mpinzani, kwa hiyo si hoja.) Je, ina «kwa sababu» ndani yake? Je, inajibu neno lile lililokuamuru? Ikipita, iandike juu kabisa ya karatasi ya rasimu na usiendelee mbele mpaka iwepo pale.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi, na uandike ulikoupata saa hiyo hiyo

Ukiwa na hoja kuu unajua unachotafuta. Asiye nayo hunakili kila kitu, anamaliza megabaiti na pesa ya fotokopi, na bado hana ushahidi.

Kwa mada yetu nahitaji mambo manne tu: umbo la mji, njia ya maji, bwawa lenyewe, na sheria. Bukavu imejengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi ufuoni. Ruzizi ndiyo njia pekee ya maji kutoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Bwawa la umeme la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II ikaanza kazi mwaka 1989 na umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Na sheria: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwetu Kongo dekreti ya kupiga marufuku sashe (mifuko ya plastiki) na vifungashio vya plastiki ilitiwa sahihi Desemba 2017.

Ziwa Kivu lina eneo la kilomita za mraba 2,700 hivi na liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni namba za kweli, lakini insha hii haizihitaji. Ziache. Namba inaingia pale tu ambapo ukiiondoa, hoja inalegea. Mwaka 2017, kwa mfano, nauhitaji, kwa sababu unaonyesha kwamba sheria ipo na sashe bado ziko sokoni, na hilo linasema jambo juu ya mamlaka.

Maktaba za vyuo vyetu zina vitabu vichache kuliko tunavyotaka, lakini usiishie kwenye silabusi ya profesa. Zipo ripoti, zipo makala, ziko habari za Radio Okapi zenye tarehe. Na macho yako pia ni chanzo. Nenda ufuoni baada ya mvua kubwa, simama nusu saa, andika tarehe, saa na ulichokiona. Ongea na wauzaji watano wa Nyawera, hapa mjini, kuhusu wanakotupa taka zao. Ukiandika, sema wazi kwamba ni watu watano, mtaa fulani, siku fulani. Watu watano si mji mzima, na msomaji atakuheshimu kwa kutomdanganya.

Kila unachonakili, andika pembeni jina la mwandishi, kichwa cha kitabu au makala, mwaka, na ukurasa. Fanya hivyo kabla hujafungua ukurasa unaofuata. Nimewaona wanafunzi wakizunguka mji mzima usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi wakitafuta kitabu walichokirudisha, kwa sababu ya namba moja ya ukurasa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu sasa limeingia hata kwetu: programu za akili mnemba hukuandikia majina ya vitabu ambavyo havijawahi kuchapishwa. Kitabu ambacho hukukishika wala kukifungua kwenye skrini kwa macho yako, usikitaje.

Hatua ya 4: Panga njia

Shuleni tulifundishwa tezi, antitezi, sintezi. Mpango huo si mbaya, lakini unatumiwa vibaya: sehemu ya kwanza inasema ndiyo, ya pili inasema hapana, ya tatu inasema «yote mawili». Sintezi ya kweli inasema ni katika hali gani upande mmoja una nguvu kuliko mwingine.

Mpango wetu ungekwenda hivi. Kwanza, kosa la mwananchi, tena kwa haki yote: chupa haijitupi yenyewe, na wapo wenye uwezo ambao nao hutupa. Pili, kwa nini maelezo hayo hayatoshi: vilima, mitaro, mvua, kukosekana kwa ukusanyaji wa taka, sheria ya 2017 isiyofuatiliwa. Tatu, kosa la mwananchi linaanza kuhesabika kweli siku atakapokuwa na mahali pa kutupa na akakataa kupatumia. Kabla ya hapo, mzigo mkubwa uko kwa mamlaka. Sehemu hiyo ya tatu inarudi kwenye hoja kuu ikiwa imekua. Andika kila sehemu kwa sentensi moja kamili. Kichwa kama «Sababu» hakisemi kitu. «Umbo la mji linazipeleka taka ziwani zenyewe» kinasema.

Hatua ya 5: Aya, na hapa tukae

Insha nzuri ni aya nzuri zilizofuatana. Ukijua kujenga moja, utajenga kumi. Tazama aya hii, ya aina ninayoipokea mara kwa mara:

«Plastiki ni tatizo kubwa duniani. Tangu zamani binadamu amekuwa akichafua mazingira yake. Hapa Bukavu pia kuna plastiki nyingi sana. Serikali inapaswa kufanya kitu, na wananchi nao wabadilike, kwa kuwa mazingira ni uhai.»

Haina uongo. Shida yake ni kwamba ingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga Bukavu. Kila sentensi inaanza jambo jipya na kuliacha njiani. Ondoa yoyote, aya haitatikisika.

Sasa tazama hii:

«Taka hufika kwenye bwawa kwanza kwa sababu ya umbo la mji. Bukavu imejengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi ziwani, na maji ya mvua kutoka Kadutu hupita mitaroni kabla ya kumwagika Ziwa Kivu. Chupa iliyotupwa mtaroni asubuhi haihitaji mtu wa kuibeba. Mvua ya mchana inatosha. Na kwa kuwa ziwa halina njia nyingine ya kutoa maji isipokuwa Ruzizi, sehemu ya kinachoelea kwenye ghuba huishia hapo, mbele ya bwawa. Kwa hiyo kusafisha ufuo bila kugusa mitaro ya vilimani huondoa taka za jana na kuiacha wazi njia ya taka za kesho.»

Hesabu kazi za sentensi hizo. Ya kwanza inatoa dai. Ya pili inaleta ukweli unaoweza kukaguliwa. Ya tatu na ya nne zinauonyesha ukweli huo kwa kitu kimoja kinachoonekana, chupa. Ya tano inaongeza kiungo kingine cha mnyororo. Ya mwisho inasema: basi tunajifunza nini juu ya swali letu? Hiyo ya mwisho ndiyo wanafunzi huiruka zaidi. Wanaleta ukweli, kisha wanahama, wakidhani profesa ataunganisha mwenyewe. Profesa ana kazi themanini mezani, hataunganisha.

Ijaribu aya yako hivi: funika sentensi zote isipokuwa ya kwanza na ya mwisho. Je, ukitoka kwenye ile ya kwanza, umesogea? Kama zinasema kitu kimoja kwa maneno tofauti, katikati hakukutokea kitu.

Mpinzani naye anastahili aya yake. Mpe maneno yake bora kabisa: «Ng'ambo ya Ruzizi, kule Rwanda, marufuku ya mwaka 2008 ilishika, basi shida yetu ni tabia za watu.» Hilo ni pingamizi zito na halifai kupuuzwa kwa mstari mmoja. Jibu lake ni kwamba marufuku ile ilishika kwa sababu ilifuatiliwa mipakani na madukani, na kufuatilia ni kazi ya mamlaka. Unaona? Mfano wa mpinzani umegeuka kuwa ushahidi wako. Ukiweza kufanya hivyo mara moja katika insha, umefanya jambo kubwa.

Hatua ya 6: Viunganishi vipite kwenye mizani ya Kiswahili

Wanafunzi wetu hunyunyiza «en effet», «par ailleurs», «cependant» kama chumvi. Kila ukiandika kimojawapo, kibadilishe kichwani kiwe neno la Kiswahili: «lakini», «kwa hiyo», «kwa sababu», «tena», «ijapokuwa». Kama hakuna linaloingia bila kulazimishwa, sentensi zako mbili hazijaungana, na Kifaransa kilikuwa kinakuficha.

Angalia hasa «en effet» na «en fait». Ya kwanza inaleta uthibitisho wa ulichotoka kusema; ya pili inakisahihisha. Kuzichanganya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Tena, ukitumia «nous» ya mwandishi mmoja, kivumishi kinabaki umoja na kinafuata jinsia yako: mvulana anaandika «nous sommes convaincu», binti «nous sommes convaincue». Ni kitu kidogo, lakini wasahihishaji wa kizazi cha zamani hukiona mara moja.

Hatua ya 7: Maneno ya wengine

Kuna njia mbili halali. Unaweza kunukuu neno kwa neno ndani ya alama za kunukuu, au kulieleza wazo kwa maneno yako. Zote mbili zinadai chanzo. Kubadilisha maneno mawili matatu ya aya ya mtu na kuiacha bila jina lake bado ni kunakili. Njia salama ya kueleza kwa maneno yako ni kusoma aya, kufunga kitabu, kumweleza jirani kwa Kiswahili ilichosema, kisha kuandika kwa Kifaransa bila kukifungua. Ukimaliza, kifungue uhakikishe hukupotosha.

Kuhusu mtindo wa kutaja, vitivo vingine vinataka tanbihi chini ya ukurasa, vingine vinataka jina, mwaka na ukurasa kwenye mabano ndani ya matini. Muulize asistenti kabla hujaanza, kisha ushike mtindo mmoja hadi mwisho.

Hatua ya 8: Utangulizi na hitimisho

Viandike baada ya mwili wa insha, hata kama utangulizi unakaa mbele. Utamtambulishaje mgeni ambaye hujakutana naye? Kwenye mtihani huna nafasi ya kuandika upya, kwa hiyo utunge kwenye karatasi ya rasimu baada ya mpango kukamilika.

Utangulizi una miendo mitatu: kuleta mada, kuuliza swali, kutangaza njia. Kuleta mada hakuanzi na Adamu na Hawa. Anza karibu: «Kila baada ya mvua kubwa, ghuba ya Bukavu hujaa chupa.» Sentensi nne hadi sita zinatosha. Hitimisho linajibu swali waziwazi, kwa ujasiri unaolingana na ushahidi ulioleta. Usiingize hoja mpya hapo.

Hatua ya 9: Sahihisha, kisha kabidhi

Kama una saa tatu za mtihani, dakika 40 za kwanza ziwe za swali, hoja na mpango, na 20 za mwisho za kusahihisha. Kama ni kazi ya nyumbani, ilaze usiku mmoja. Umeme ukikatika, usiku huo ni wa kuisoma kwa sauti kwa mwanga wa tochi: ulimi unagundua sentensi iliyovunjika ambayo jicho liliisamehe. Sahihisha kitu kimoja kwa kila mzunguko. Kwanza hoja, kisha aya, kisha upatanisho wa vitenzi na lafudhi za herufi. Ukichanganya vyote, utarekebisha koma kwenye aya ambayo ilipaswa kufutwa.

Ukiipeleka sekretariati ili wakuchapie, kaa pale pale. Mchapaji ana haraka, na «que» zako mbili zinaweza kuwa moja. Soma skrini kabla karatasi haijatoka, maana kila ukurasa unaorudiwa unaulipia wewe. Hakiki namba za kurasa, jina lako, kozi, na jina la profesa lililoandikwa sawasawa. Bana kurasa, zipige picha moja moja kwa simu yako, ndipo ukabidhi.